Inategemea nani anatafuta

Kila Jumamosi tukicheza Dungeons & Dragons hapa Gilgil, ubishi ni ule ule: mhusika wangu, mwizi, anaweza kujificha katikati ya vita?

Kanuni za 2014 zinamwachia mwendesha mchezo aamue kama mahali panafaa. Unarusha dadu ya pande 20, na jumla yako inapimwa dhidi ya umakini wa adui, hata kama hakutafuti. Za 2024 zilitaka kumaliza kelele: uwe kwenye giza nene au nyuma ya kitu kinachokukinga vizuri, adui asikuone, na upate angalau 15. Wenzangu wamefurahi. Mimi, zii.

Hiyo 15 haibadiliki, awe ni mlinzi mlevi au mchawi mzee. Sisi tuliocheza brikicho kwenye leleshwa tunajua kichaka pekee hakitoshi. Wengine walikupita karibu wakukanyage. Kaka yako alikuja moja kwa moja, kwa sababu anajua unapenda kujificha wapi.

Nilipoacha chuo, majirani hawakugutuka kwa miezi. Mama alinyanyua begi langu tu pale mlangoni.

"Mbona umerudi na blanketi?"