Kadi ya Daraja na Marikebu

Ninayo mezani kadi ya posta ya zamani niliyoinunua Mombasa kwa muuza vitabu vikuukuu wa kando ya njia. Nyuma haina hata neno. Aliyekuwa nayo kwanza hakumpelekea mtu. Mbele pana picha ya mto Mississippi katika mji wa St. Louis, Marekani. Marikebu ya moshi, nyeupe, yenye dohani mbili ndefu na gurudumu kubwa la makasia, inakaribia gati. Juu yake limepita daraja la reli: matao matatu ya chuma yameegemea nguzo za mawe, na kuelekea mjini inafuata safu ya matao ya mawe matupu. Ukitazama upesi utadhani marikebu na daraja ni marafiki. La, walikuwa mahasimu.

Aliyelijenga, James Eads, alianza kazi mwaka 1867, naye hakuwa amejenga daraja lolote kabla ya hapo. Lakini katika ujana wake alitembea chini ya mto huo ndani ya kengele ya kuzamia, akiopoa mali ya marikebu zilizozama, akaona kwa macho yake jinsi mafuriko yanavyouhamisha mchanga. Akashika neno moja: nguzo zifike mwambani.

Ili zifike, watu walishushwa katika vyumba vya chuma vilivyojazwa hewa iliyoshindiliwa ili kuyazuia maji, nao wakachimba humo. Taabu ilikuwa wakati wa kupanda. Naitrojeni iliyoyeyuka damuni iligeuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa ghafula. Wengine walipooza, na zaidi ya kumi wakafa. Hata tabibu wao, Alphonse Jaminet, alishuka akapanda upesi, akalala hajiwezi. Alipopona aliamuru saa za kazi zipunguzwe. Katika kadi yangu nguzo zile zinaonekana safi kabisa.

Wenye marikebu nao walilalamika. Tao la katikati lilikuwa na upana wa futi 520, lakini kimo chake hakikuzitosha dohani zao. Mwaka 1873 wahandisi wa jeshi walishauri uchimbwe mfereji wa kulizunguka daraja. Rais Ulysses Grant hakukubali. Tarehe 2 Julai 1874 injini 14 zilipitishwa juu yake kulijaribu, na siku mbili baadaye likafunguliwa. (Husimuliwa pia kwamba kabla ya hapo alivushwa tembo, kwa kuwa watu waliamini tembo hakanyagi daraja bovu. Mimi ningeziamini injini zaidi.) Tangu hapo marikebu ndefu zililaza dohani zao zipitapo, kama mgeni ainamaye mlangoni mwa nyumba isiyo yake. Shehena zikahamia relini. Daraja lingali limesimama, na tangu mwaka 1993 hupitisha treni za mjini.

Huenda ukauliza mambo hayo ya mbali yananihusu nini. Mimi ni mtoto wa Kilifi. Hadi mwaka 1991 magari yalivuka hori letu kwa feri, na baba yangu aliwauzia korosho na madafu abiria waliongoja zamu. Foleni ile ndiyo iliyokuwa shamba letu. Daraja lilipofunguliwa, baba alilivuka kwa miguu hadi ng'ambo, akarudi, akatuambia kuwa ni daraja zuri sana. Hakusema kwa kejeli; alilipenda kweli. Kesho yake alikwenda na kapu lake mahali pake pa siku zote. Magari yalikuwa yakipita juu, hayasimami. Alirudi jioni na korosho zote, tukazila sisi wenyewe, na karo yangu ya muhula uliofuata ikalipwa na mjomba.

Kwenye sitaha ya ile marikebu pana mtu mdogo, mdogo kama punje ya mtama, aliyeuinua uso wake kulitazama daraja. Kila niishikapo kadi hii, humtafuta yeye kwanza.