Bendi namba moja? Nani kasema?

Wiki hii sigusi mapenzi wala michango ya harusi. Nataka kuongelea muziki wa roki, na mwishoni nina jambo langu la kuungama. Usiruke aya, tutakosana.

Kijiweni kwetu Kinondoni tupo watano tu tunaosikiliza roki. Wenzetu wanatuita machizi, eti tunapenda makelele. Lakini ukitukuta tunabishana utadhani tunagombea kiwanja. Ubishi wenyewe ni ule ule kila siku: ni bendi gani kali kuliko zote tangu mwaka 2000? Mmoja atasema Radiohead, mwingine The Strokes, na mshikaji wetu mmoja, fundi friji, atasema Nickelback. Akitamka tu hilo jina, tunacheka mpaka kahawa inatumwagikia.

Mimi ndo nilikuwa kinara wa kumcheka. Sasa siku moja akanikazia macho akaniuliza, "Hivi wewe hao Radiohead unawapenda, au umeambiwa uwapende?" Nikajifanya sijasikia, nikaagiza kikombe kingine. Lakini swali lilinikaa kooni kama mwiba wa kibua.

Nikaamua kufuatilia hizi namba zinapikwa wapi. Nilichokikuta, jamani, ni kama mambo ya mtaani kwetu tu.

Inaanza hivi. Albamu inatoka, wahakiki wa magazeti wanaisikiliza, kila mmoja anaipa alama. Wengine wanagawa nyota mpaka tano, wengine namba mpaka kumi. Kuna Metacritic, iliyoanza mwaka 2001, yenyewe kazi yake ni kuzikusanya hakiki hizo, kuzigeuza ziwe alama za mia, kisha kutafuta wastani. Na siyo kila mhakiki ana uzito sawa. Wapo ambao sauti zao zinahesabiwa zaidi. Mwaka ukiisha, hao hao wahakiki wanapiga kura ya albamu bora za mwaka. Muongo ukiisha, wanapiga ya muongo. Baadaye inakuja ile kubwa, ya bora za wakati wote. Kila orodha imepanda mgongoni mwa iliyotangulia. Ukianza vizuri ngazi ya chini, unabebwa mpaka juu. Ukiangukia pua mwanzoni, kusimama tena ni shughuli.

Chukua Kid A ya Radiohead, ya mwaka 2000. Jarida la Pitchfork liliipa kumi kwa kumi. Mwaka 2009, Pitchfork hao hao wakaitangaza kuwa albamu bora ya muongo mzima. Rolling Stone nao wakaiweka namba moja. Lakini NME la Uingereza likasema hapana, bora ni Is This It ya The Strokes, ya mwaka 2001. Sasa cheka na mimi: Radiohead ni vijana wa Uingereza, kutoka upande wa Oxford, The Strokes ni vijana wa New York. Wamarekani wakawachagua Waingereza, Waingereza wakawachagua Wamarekani! Muongo mmoja, nyimbo zile zile, na namba moja ni wawili. Mzee wangu angesema kila ndege huruka na ubawa wake.

Tukija kwa Nickelback wa fundi friji, albamu yao All the Right Reasons ya mwaka 2005 imethibitishwa kuvuka mauzo ya milioni 10 Marekani peke yake. Milioni 10, msomaji! Lakini kwenye orodha ya Rolling Stone ya albamu 500 bora, iliyopangwa upya mwaka 2020, Nickelback huwaoni hata kwa darubini. Sisemi wahakiki wamekosea. Inawezekana kabisa kitu kikauzika sana na kisiwe kizuri sana. Maandazi ya stendi nayo yanaisha kila asubuhi. Ninachosema ni kwamba mauzo yana mlango wake na heshima ina mlango wake, na ufunguo wa huo mlango wa heshima umeshikwa na watu wachache.

Na hao wachache huwa wanabadilika. Mwaka 1969 Rolling Stone waliiponda albamu ya kwanza ya Led Zeppelin. Mwaka 2003, jarida hilo hilo likaiweka namba 29 katika zile 500. Mwaka huo huo wa 2003 namba moja ilikuwa Sgt. Pepper ya Beatles. Mwaka 2020 wakaulizwa watu zaidi ya 300, wanamuziki na watayarishaji wakiwemo, na matokeo yake Marvin Gaye akapanda kileleni na What's Going On. Sgt. Pepper ikateremka mpaka namba 24. Je, kuna aliyekwenda usiku kuiharibu Sgt. Pepper? Hakuna. Nyimbo ni zile zile. Waliobadilika ni wale walioulizwa.

Kilichonigusa kuliko vyote ni hiki. Mwaka 2003 Pitchfork walimpa mwanamuziki wa roki Liz Phair sifuri kwa albamu yenye jina lake. Sifuri, kama mtu aliyekabidhi karatasi nyeupe kwenye mtihani. Mwaka 2021 wakarudi kuzipitia upya alama zao za zamani, wakampa sita. Miaka 18! Unajiuliza huyo dada hiyo miaka 18 aliiishi vipi.

Basi hapa ndo pa kuungama kwangu.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa naandikia ukurasa wa burudani wa gazeti jingine, nalipwa kwa makala. Bendi moja ya vijana wa mtaa wa pili, wapiga roki kwa Kiswahili, wakaniletea nyimbo zao nane kwenye flashi. Nikazisikiliza ndani ya daladala, nimesimama, kondakta anagonga bati, abiria wanagombana kuhusu chenji. Nilifika wimbo wa tatu nikachomoa spika za masikioni. Usiku nikaandika hakiki ya albamu nzima. Nikawapa mbili kwa kumi. Nikaweka na vijembe viwili vitatu, si unajua tena, wasomaji wanapenda vijembe. Kijiweni nilipongezwa sana.

Wale vijana walikuwa na nafasi ya kupiga kila Ijumaa kwenye baa moja. Meneja akasoma gazeti. Ijumaa iliyofuata hawakuitwa, wala nyingine iliyofuata.

Baada ya miezi kadhaa nikakutana na mpiga gitaa wao Kariakoo, anauza makava ya simu. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alinisalimia vizuri, akaniuliza swali moja tu, "Braza, hivi ulisikiliza nyimbo ngapi?"

Nikamjibu, "Zote, mdogo wangu."

Akatikisa kichwa, akanipa kava nililotaka, akanipunguzia na bei.

Wiki iliyopita, baada ya kusoma habari za Liz Phair, niliitafuta ile flashi kwenye droo. Nikafunga mlango, nikasikiliza nyimbo zote nane mara mbili. Nne ni za kawaida. Mbili mbaya, sitasema uongo tena. Moja nzuri. Na wimbo wa sita, msomaji wangu, ule wimbo wa sita ulinifanya nikae kitandani bila kuwasha taa mpaka giza likaingia. Sikuwahi kuufikia. Niliishia wa tatu.

Ningewapa sita leo. Lakini sita ya leo haiirudishi Ijumaa ya mtu. Gitaa ameshaliuza, nilimuuliza.

Kwa hiyo ukiona orodha ya bendi bora, isome, ina faida yake. Mimi nimewajua wanamuziki wengi wazuri kupitia orodha hizo. Ila kumbuka nyuma ya kila namba kuna binadamu, na huenda siku hiyo alikuwa amesimama ndani ya daladala. Masikio unayo, yatumie.

Na wewe mdogo wangu wa Kariakoo, najua gazeti hili unalisoma. Zilikuwa tatu.

Fundi friji, kahawa ya kesho nalipa mimi. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.