Fedha za Utafiti wa Kilimo: Watoto Wetu Wazitafute Vipi?

 

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi hutujia hapa madrasa baada ya sala ya Alasiri. Hawaulizi tena kama mtoto asome chuo kikuu au asisome. Hilo, alhamdulillahi, limekwisha. Wanauliza nani atalipa. Na mtoto akiwa amechaguliwa kusoma kilimo, swali huwa zito zaidi, kwani wapo wanaoona kuwa kumpeleka kijana Morogoro akasomee kilimo ni kumrudisha kwenye jembe lile lile ambalo babu yake alitamani aliepuke.

Sisi si wataalamu wa kilimo. Tuna stashahada ya elimu ya Kiislamu, na kazi yetu ni kufundisha Qur'ani, tawhidi na fiqhi. Lakini kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukikaa na vijana waliopita mikononi mwetu, tukasoma nao matangazo ya ufadhili, tukawaandikia barua za kuthibitisha tabia zao, tukafurahi nao walipopata na tukawaliwaza walipokosa. Haya tunayoyaandika ni yale tuliyoyaona katika kukaa huko.

Kwanza tuiondoe dharau. Sote tumesoma habari za Nabii Yusuf (A.S.), namna alivyoshauri watu wa Misri walime miaka saba na waihifadhi nafaka ikiwa ndani ya masuke yake. Ilikuwa ni elimu ya kilimo na ya kuhifadhi mazao, na kwa idhini ya Allah iliwaokoa watu na njaa. Basi anayeisoma elimu hiyo hajashuka daraja.

Tuchukue mfano wa muhogo tunaoula hapa kwetu. Upo ugonjwa uitwao michirizi ya kahawia. Mkulima anaona majani ya kijani na shina limesimama vizuri, kumbe akichimba anakuta muhogo una mabaka ndani, umeoza, haufai kuliwa wala kuuzwa. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti aliyekuwa katika kituo cha Amani, hapa hapa Muheza, juu ya milima ya Usambara. Virusi vyake huenezwa na nzi weupe, na pia na sisi wenyewe tunapopeana vipande vya miti ya mihogo kwa ajili ya mbegu. Mwaka 2004 ulionekana ukienea Uganda, na hadi leo wataalamu wanaendelea kutafuta mbegu zitakazoustahimili. Nani basi anastahili kuutafiti ugonjwa huu kuliko mtoto ambaye chakula chake cha jioni kimetoka katika shamba hilo?

Lakini utafiti una gharama zake. Kuna kukodi shamba la majaribio, kuwalipa vibarua, kupima sampuli maabara, na nauli za kwenda na kurudi. Ada ya chuo haigusi hata moja katika hayo. Mzazi anaweza kujibana akalipa ada yote, kisha mtoto akakwama mwaka wa mwisho kwa kukosa fedha za utafiti.

Hapa ndipo tunapoona watu wengi wanachanganya mambo matatu, nasi tumeona vyema tuyatenganishe.

La kwanza ni ufadhili wa masomo, yaani skolashipu. Huu humlipia mwanafunzi ada na matumizi yake. Mfano ulio karibu nasi ni wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah. Mwaka 1983 benki hiyo ilianzisha mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi ambazo si wanachama wake. Tanzania na Kenya zimo katika nchi hizo. Uganda na Komoro ni wanachama. Kilimo kilikuwa miongoni mwa fani zilizokubaliwa. Utaratibu wake ulikuwa na hekima kubwa: kwa jamii fedha ile ilikuwa msaada, lakini kwa mwanafunzi ilikuwa karadha hasana, mkopo usio na riba, ambao akishapata kazi huurudisha katika mfuko wa jamii yake ili asome mwenzake.

La pili ni ruzuku ya utafiti. Hii haimlipii mtu, hulipia kazi. Upo mtandao wa vyuo vikuu uitwao RUFORUM, wenye makao yake Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere. Ulianza mwaka 2004 ukiwa na vyuo 10 na sasa umezidi vyuo 100, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ni miongoni mwao. Ruzuku yake iliyojulikana sana hakupewa mwanafunzi mkononi. Alipewa mhadhiri, kwa sharti kwamba ndani ya utafiti wake awasomeshe wanafunzi wa shahada ya uzamili, nao wafanye kazi pamoja na wakulima. Kwa mabinti upo mpango uitwao AWARD, ulioanza mwaka 2008 na wenye makao yake Nairobi. Huo huwaendeleza wanawake watafiti wa kilimo wa Afrika, na kila mmoja huunganishwa na mtaalamu mzoefu wa kumshika mkono, naye baadaye humshika mkono mdogo wake katika fani. Hapa nchini ipo Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986.

La tatu ni tuzo. Tuzo huja baada ya kazi kufanyika. Mwaka 2009 Tuzo ya Chakula Duniani alipewa Gebisa Ejeta wa Ethiopia, kwa kupatikana mbegu za mtama zinazostahimili kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Mtu huyu alizaliwa katika nyumba ya nyasi, na alipokuwa mdogo alitembea kilomita 20 kwenda shule, akikaa huko juma zima kabla ya kurudi kwao. Mwaka 2016 tuzo hiyo hiyo waligawana watu wanne, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, kwa kazi ya viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Na huko Abu Dhabi, tangu mwaka 2007, ipo Tuzo ya Khalifa kwa ajili ya mitende na ubunifu katika kilimo. Tunawatajia vijana majina haya ili wajue njia inafika wapi. Anayeanza asianze kutafuta tuzo. Aanze na ruzuku ndogo ya kupanda vitalu vyake.

Sasa tueleze kisa kimoja. Mwaka 2022 binti mmoja aliyehitimu hapa madrasa, akiwa amemaliza shahada yake ya kwanza, alipata nafasi ya uzamili katika chuo kikuu kimoja. Alitaka kulinganisha mbegu za mihogo dhidi ya ugonjwa ule tuliouelezea. Baba yake ni mkulima wa mihogo na ana minazi michache. Mzee yule alitujia akiwa ameshapata mnunuzi wa eka mbili. Alisema, "Maalim, ardhi haina maana kama mtoto atakwama." Maneno yake yalitugusa, kwani tunamjua mzazi mwingine aliyeuza shamba lake kwa haraka namna hiyo, na miezi michache baadaye mwanawe akapata ufadhili. Leo pale shambani pana nyumba ya mtu mwingine.

Tulimwomba mzee asubiri hadi vuli. Wakati huo binti aliomba katika mfuko mmoja wa nje. Akajibiwa kwa mistari miwili kuwa hakuchaguliwa. Akaomba kwa mwingine. Ikahitajika sahihi ya mkubwa mmoja ambaye alikuwa safarini, na tarehe ya mwisho ikapita. Mama yake alianza kunong'ona kuwa haya mambo ni ya wenye kujuana. Ndipo tulipomwuliza binti swali moja: "Pale chuoni kwenu, nani anafanya utafiti wa mihogo?" Akamtaja mhadhiri mmoja. Tukamwuliza kama amewahi kumwendea. Akainamisha kichwa, akasema, "Maalim, naona haya."

Haya ni pambo la Muislamu, lakini haimzuii mtu kutafuta elimu. Tulimwambia aandike kurasa mbili tu: tatizo ni nini, wengine wameshafanya nini, yeye atafanya nini, na kwa shilingi ngapi. Kaka yake akamsindikiza. Yule mhadhiri alikuwa na mradi wenye fedha, na nafasi ya mwanafunzi mmoja ilikuwa bado iko wazi. Alizisoma zile kurasa, akamwuliza mambo mawili: ni kitu gani anachotaka kukijua ambacho bado hakijulikani, na atapanda lini.

Swali hilo la pili, wanafunzi wetu, ndilo wengi hawalifikirii. Mvua haimsubiri mfadhili. Huku kwetu tuna masika kuanzia Machi na vuli kuanzia Oktoba. Muhogo hukaa ardhini miezi tisa hadi kumi na miwili kabla ya kuchimbwa, na shahada ya uzamili kwa kawaida ni miaka miwili. Fedha ikichelewa mwezi mmoja ukapitwa na mvua, umepoteza msimu, na pengine umepoteza mwaka. Kwa hiyo anayetaka kupanda vuli aanze kutafuta fedha vuli ya mwaka uliotangulia.

Binti yule alipanda vuli ile. Ruzuku ililipa shamba, vibarua na maabara. Haikulipa chakula chake, na kaka zake wawili walijibana kumtumia. Mwaka uliofuata alivuna, akapima, akaandika. Mzee hakuuza hata mnazi mmoja, na zile eka mbili bado anazilima.

Kutokana na kisa hiki na vingine, tunawausia vijana wetu mambo yafuatayo.

Kwanza, soma tangazo lote, hasa masharti. Tangazo likisema umri usizidi kiasi fulani, au mwombaji awe ameajiriwa chuoni, na wewe huna sifa hiyo, usipoteze muda wako. Tafuta linalokufaa.

Pili, tayarisha mapema vyeti, karatasi za matokeo, pasi ya kusafiria na barua za wasimamizi. Mwombe mwalimu barua wiki tatu kabla, wala si usiku wa mwisho.

Tatu, makadirio yako yawe ya kweli. Ukiandika vibarua kumi na wewe unahitaji wanne, umesema uongo, hata kama mfadhili yuko mbali na hatakuja kuwahesabu. Fedha ya ruzuku ni amana. Itatakiwa ripoti na stakabadhi hapa duniani, na hesabu nyingine iko kesho mbele ya Allah.

Nne, jihadhari na matapeli. Mfuko wa kweli haukutaki utume fedha kwenye simu ya mtu binafsi ili jina lako lipite. Anayekutaka hivyo, mwache.

Tano, ukikataliwa, omba ueleweshwe sababu kama nafasi ipo, rekebisha andiko lako, kisha omba tena. Tumeona aliyekataliwa mara nne akakubaliwa ya tano kwa andiko lile lile lililosafishwa.

Wazazi nao hutuuliza juu ya mikopo ya Serikali na suala la riba. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilikuwa ikitoza asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kulinda thamani ya mkopo. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Hukumu ya mambo haya waulizwe masheikh wenye elimu kuliko sisi. Tunachosema ni kuwa wapo wazazi waliowazuia watoto wao kusoma kwa sababu ya habari ya zamani, na wapo waliokimbilia mikopo ya riba mitaani ilhali ruzuku isiyodaiwa ilikuwepo na haikuombwa. Pande zote mbili zimekosa kwa kutouliza.

Kumtafutia mtoto fedha za utafiti si kuombaomba. Mfadhili ana haja ya jibu, na mtoto wako ana uwezo wa kulitafuta. Kila mmoja anampa mwenzake kitu.

Kwa hiyo tumekubaliana na kamati ya madrasa kwamba kila Alhamisi baada ya sala ya Isha chumba cha maktaba kiwe wazi. Aje mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, aje aliyeko chuo na amerudi likizo, aje na mzazi wake. Mabinti watakaa na ustadhati. Tutasoma matangazo pamoja, na yule binti wa mihogo ameahidi kuja kila anapokuwa nyumbani, awaoneshe wadogo zake zile kurasa mbili zilivyoandikwa.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, abariki mashamba ya wazazi wao, na awajaalie kuwa waaminifu kwa kila watakachokabidhiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.