Mfupa na Kidonda

Mtu akijikata kidole kwa kisu, nyumba nzima hutaharuki. Mmoja huleta maji, wa pili hutafuta kitambaa, na wa tatu humlaumu aliyekiacha kisu mahali pabaya. Lakini mama mzee akaaye katika nyumba hiyo hiyo aweza kupoteza thuluthi ya mfupa wake, mwaka baada ya mwaka, asipate hata mtu mmoja wa kumpa pole. Haumwi, havimbi, hatoki damu. Siku moja hujikwaa kizingitini akaanguka, anguko ambalo kijana angeliinuka nalo akijikung'uta vumbi, na nyonga ikavunjika. Kwanza hulaumiwa kizingiti; kisha husemwa, "Ni uzee." Neno hili lina heshima, lakini limefunga milango ya maswali mengi.

Dalili ya mvua ni mawingu. Bali maradhi haya, ambayo madaktari huyaita osteoporosisi, hunyesha bila ya wingu. Mfupa si jiwe. Ni kitu kilicho hai, ambacho hubomolewa na kujengwa upya siku zote. Katika ujana ujenzi hushinda ubomoaji. Katika uzee ubomoaji hushinda ujenzi, na kwa wanawake huongeza kasi baada ya kukoma hedhi. Vijiti vyembamba vya ndani ya mfupa hukonda na kukatika, hali umbo la nje limesimama vile vile, kama mlango ulioliwa na mchwa ambao rangi yake ingali nzuri.

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, aligundua mionzi ipenyayo nyama. Alipiga picha ya mkono wa mkewe, ikaonekana mifupa, na pete kidoleni. Siri ya mfupa ilielekea kuwa imekwisha, lakini haikwisha. Picha ya namna ile huonyesha vema mfupa uliovunjika; mfupa unaopungua hauonyeshi kwa hakika mpaka umekwisha kupoteza yapata thuluthi moja. Jicho lilikuwa limepata dirisha, lakini halijapata mizani. Mizani ilikuja mwaka 1963, John Cameron na James Sorenson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walipopitisha mwali mwembamba wa mionzi katika mfupa wa mkono na kupima kiasi kilichotokea upande wa pili. Mfupa ulipokuwa mzito, mionzi michache ilipita. Ulipokuwa mwepesi, mingi ilipita. Tangu mwaka 1987 mashine zitumiazo mionzi ya nguvu mbili zimewezesha nyonga na uti wa mgongo kupimwa kwa urahisi zaidi, na mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliweka kiwango cha kuutambua ugonjwa kabla mfupa haujavunjika.

Huenda mtu akasema kwamba mfupa ulichelewa kujulikana kwa sababu umefichwa. Hoja hii ni nzuri, lakini kidonda chaikataa. Kidonda hakikufichwa na kitu. Kwa karne nyingi kimetazamwa na kila mtu, na wengi waliamini kwamba dawa yake ni kukauka: kiachwe wazi, kipigwe na upepo, kifanye gamba. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa Uingereza, alitia majeraha madogo katika ngozi ya nguruwe. Mengine aliyaacha wazi. Mengine aliyafunika kwa utando wa plastiki yasikauke. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa kasi yapata mara mbili ya yale mengine. Sababu yake ni hii: chembe za ngozi mpya husafiri kutoka ukingoni mwa kidonda. Penye unyevu huteleza juu yake. Penye gamba kavu hulazimika kujichimbia njia chini ya gamba. Kile kilichosifiwa kuwa mlinzi kilikuwa pia kizuizi. Unyevu huo, hata hivyo, si uchafu: kidonda hutakiwa kusafishwa kwanza, ndipo kifunikwe.

Basi kuona si kujua. Kilichofichwa kilihitaji kipimo, na kilichokuwa wazi kilihitaji kipimo vile vile.

Mashine ya kupima mifupa ni ghali, na wazee wengi huishi mbali nayo. Lakini kipimo si lazima kiwe mashine. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, kilitoa hesabu iitwayo FRAX, ambayo hukadiria hatari ya kuvunjika mfupa hata kwa majibu ya maswali tu: umri, uzito na kimo, kama mtu amewahi kuvunjika, kama mzazi wake alivunjika nyonga, kama avuta sigara. Maswali hayo hayamshindi mtu yeyote kuyauliza. Mama mzee aliyevunjika kifundo cha mkono mwaka jana kwa anguko dogo amekwisha toa habari ya nyonga yake. Akiambiwa, "Ni uzee," mwanawe asitosheke na jibu hilo. Na ampeleke kwa daktari, aulize swali la pili.