Sukuma Mpaka Isikike



Ndugu msomaji, mwaka huu nimependa nikueleze jambo nililojifunza nje ya darasa, chini ya boneti ya gari kuukuu. Kwetu Muleba baba anayo Land Rover Series III ya petroli, ya miaka ya 1970. Magari ya aina hiyo yaliacha kutengenezwa mwaka 1985, lakini likitunzwa bado linapanda milima yetu na mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa.

Injini yake ina silinda nne, na kila silinda ina plagi yake. Betri hutoa volti 12 tu. Koili huupandisha umeme huo ukazidi volti 10,000, kisha distributa huugawa kwa zamu kupitia waya nne: silinda ya 1, ya 3, ya 4, halafu ya 2. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche mara 1,000. Waya moja ikikaa vibaya, robo ya kazi ya injini imo hatarini.

Waya iliyochomoka kabisa huonekana. Iliyokaa juu juu haionekani, kwa sababu kofia yake ya mpira imeifunika. Gari linawaka na kwenye tambarare linakwenda bila neno. Aibu huja mlimani, tena wakati wa mvua, na Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Unyevu ukiingia chini ya kofia, umeme huponyokea kwenye chuma cha injini.

Haya niliyaona usiku mmoja wa masika. Mama mdogo alishikwa na uchungu, tukawa tunampeleka hospitali ya Ndolage tukitokea Muhutwe. Jana yake gari lilikuwa limebadilishwa plagi gereji. Tulipoanza kupanda kuelekea Kamachumu likaanza kumisi, likatetemeka, hata gia ya kwanza haikutosha. Mama mdogo alikuwa ameshika mkono wa bibi, hasemi kitu.

Baba akazima injini, nami nikamshikia tochi mvuani. Akafunga mkono kwa kitambaa kwa ajili ya joto. Hakuvuta waya, alishika kofia, akaizungusha kidogo ndipo akaitoa. Ile ya silinda ya tatu ilitoka bila ubishi. Kichwa kidogo cha chuma kilicho juu ya plagi hakikuwa kimekazwa. Akakikaza kwa koleo, akakausha kofia ndani, akaisukuma mpaka ikalia "ta!" Akaivuta kuijaribu, ikakataa kutoka. Tukafika Ndolage, na alfajiri mama mdogo akajifungua mtoto wa kiume, alhamdulillah.

Nilitaka kumsema fundi wa gereji. Baba akanijibu, "Mwanangu, tusimseme asiyekuwepo. Wewe jifunze kwamba kazi iliyofunikwa ndiyo ya kukaguliwa mara mbili."

Basi enyi wenzangu ambao nyumbani kuna gari la aina hii, muulizeni mzazi kwanza, kisha mfuate haya:

1. Zima injini, iache ipoe.
2. Toa waya moja, irudishe, ndipo uiguse ya pili, ili zamu isichanganyike.
3. Shika kofia, usivute waya, maana huweza kukatika ndani bila kuonekana.
4. Kaza kichwa cha plagi, kausha kofia, sukuma mpaka isikike, kisha jaribu kuivuta taratibu.
5. Upande wa distributa nako sukuma hadi mwisho. Ukiona kutu ya kijani, isafishe kwanza.
6. Waya zisigusane, wala zisilale juu ya bomba la ekzosti.

Ukitaka kujua kama waya zimechoka, fungua boneti usiku gizani, injini ikiwa inawaka. Ukiona cheche za buluu zikirukaruka juu ya waya, zimekwisha. Tazama tu, usiguse!

Abiria hafungui boneti. Anapanda akiamini kwamba aliyefunga alifunga sawasawa. Hiyo ni amana, hata kama ni ya waya nne tu.

Wabillahi tawfiq.