Kopo Lililobonyea

Twakaa Butimba, kando ya Ziwa Victoria. Sisi twauza dagaa waliokaushwa mchangani, na kila jioni jirani husikia nyimbo zetu za sala.

Hata siku moja mtoto wetu akauliza, "Baba, mbona kopo la kupimia limebonyea chini?" Tukanyamaza, kwani tulijua tangu zamani. Usiku ule hatukuweza kuimba.

Kulipokucha tukalinyosha kopo kwa nyundo, tukamwendea mjane jirani yetu, tukaungama, tukamlipa upungufu. Akapokea, asiseme neno.

Basi, ndugu, nyimbo zetu jirani walizisikia tu, bali kipimo ndicho walichokipeleka nyumbani kwao. Na tuyatazame makopo yetu kabla watoto hawajajifunza kwayo.