Jiko nililowaazima wapangaji wangu

Huku Igamba hatuhitaji kalenda kujua kwamba kipupwe kimefika. Mvua zikishakata, umande unakuwa mzito kwenye majani ya kahawa, asubuhi ukiongea mvuke unakutoka mdomoni, na watoto wanaanza kugombea nafasi ya kukaa karibu na moto jikoni. Ndipo na kahawa inaanza kuiva. Kwa sisi wa Mbozi, baridi na kahawa ni kama watoto mapacha, ukimwona mmoja ujue mwenzake yuko nyuma.

Mwaka huu dalili tumeshaziona. Majirani zangu wanatengeneza vichanja vya kuanikia, wenye vyumba vya uani wanavifagia na kupiga deki, maana wachumaji wameanza kushuka kwenye magari yanayotoka Mlowo. Mamlaka ya Hali ya Hewa huhesabu kipupwe kuanzia Juni hadi Agosti. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, bado tuna muda wa kuambiana. Naomba nikusimulie jambo ambalo kwa miaka sikupenda kulisimulia, kwa sababu mwenye kosa ndani yake ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa Juni, misimu kadhaa iliyopita. Nilikuwa nimempangisha chumba cha uani kijana mmoja na mkewe waliokuja kuchuma kahawa. Walitoka huko chini, bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto la kulala dirisha wazi. Walikuja na begi moja, shuka mbili na mtoto wa miezi minne. Mke alikuwa binti mdogo, sidhani kama alikuwa amefika miaka 20. Kila asubuhi nilimkuta mlangoni amejikunyata, mtoto mgongoni, ananiambia "Shikamoo mama" huku meno yakigongana.

Jioni moja upepo ulivuma kwelikweli. Nilikuwa nimemaliza kupika, na jiko langu la mkaa lilikuwa bado na makaa mekundu, mazuri, yasiyo na moshi hata kidogo. Nikawakumbuka wale watoto wa watu. Nikalibeba jiko, nikabisha uani.

"Mwanangu, chukueni hili liwapashe joto. Mtanirudishia asubuhi."

Binti alipiga goti kunishukuru. Mimi nikaongeza wema juu ya wema, nikawapa na salfeti tupu wazibe mwanya wa chini ya mlango, baridi isipenye. Nikarudi kulala na moyo mweupe.

Sikuwaambia walitoe jiko nje kabla ya kulala. Nilijua moshi ni mbaya, nani asiyejua? Lakini nilidhani makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, basi hatari nayo imeisha.

Asubuhi, kama kawaida yake, alikuja bibi wa nyumba ya tatu. Bibi huyu alikuwa na tabia iliyokuwa ikinichosha. Kila siku ya baridi, kabla jua halijatoka vizuri, lazima apite. Leo kaa la moto, kesho chumvi, keshokutwa hana shida yoyote, anasalimia tu.

"Hodi hapa!"

"Karibu bibi, shikamoo."

"Marahaba. Mmeamkaje? Nimekuja kuomba kaa la moto nikawashe jiko."

Nikamjibu huku nacheka, "Leo umenikosa, bibi. Jiko langu limelala kwa wapangaji."

Bibi hakucheka. "Limelala ndani?"

"Ndani, bibi. Walikuwa na baridi sana."

"Na wameshaamka?"

Hapo ndipo niliposhtuka. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Mchumaji hulipwa kwa ndoo, na saa hizo kila siku wale vijana walikuwa wameshaingia shambani. Uani kulikuwa kimya. Hata mtoto hakusikika.

Tuligonga. Tuliita. Tukasikia kitu kimeanguka ndani, kisha kimya tena. Kijana mmoja aliyekuwa akipita njiani aliupiga mlango teke mara mbili, komeo likang'oka.

Yule mume alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, anajaribu kuinuka miguu haimtii. Mkewe alikuwa ametapika na anaongea maneno yasiyoeleweka. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo. Bibi hakuuliza kitu. Alimnyakua mtoto akatoka naye, akatupigia kelele: "Watoeni nje! Wote nje! Jiko mtalishughulikia baadaye!"

Tuliwakokota hadi uwanjani. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa kama siku nzima, yule mtoto akatoa kilio chembamba. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Watu wakajaa, na kila mtu na lake. Mmoja alileta kikombe cha maziwa wanyweshwe. Mwingine alisema hiyo ni malaria imepanda kichwani. Wa tatu alinong'ona kwamba hawa ni wageni, huenda kuna mtu kawachezea. Tukapata bodaboda, tukaenda kutafuta matibabu, bibi amempakata mtoto.

Muuguzi akauliza, "Kimetokea nini?" Mume akajibu kwamba kichwa kilimuuma sana usiku, akahisi kizunguzungu na kichefuchefu. Ukisikia hivyo, hata wewe ungefikiria malaria. Muuguzi akaanza kuandaa kipimo.

Mimi nilinyamaza. Nasema ukweli, nilinyamaza. Nilikuwa nawaza kijiji kitasema nini: mama yule nusura aue wapangaji wake. Bibi akanigusa kwa kiwiko. "Sema, mama. Aibu haijawahi kumtibu mtu."

Nikasema. Jiko la mkaa, chumba kimefungwa, salfeti chini ya mlango, usiku kucha. Nilipomaliza, muuguzi alikuwa ameshaacha alichokuwa akifanya na kumwita mwenzake. Wakawekewa oksijeni, mtoto wa kwanza. Walikaa chini ya uangalizi, na namshukuru Mungu wote watatu walipona.

Baadaye muuguzi aliniketisha akanieleza bila kunifokea. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi wa kuni angalau unakutoa machozi ukakimbia, lakini hii haikuambii kitu. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushikana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua lakini mwili haupati hewa. Aliyelala anaweza kupitiliza usingizini bila kujua. Watoto wachanga na wajawazito wako kwenye hatari kubwa zaidi, na mtoto aliye tumboni anaathirika pamoja na mama yake.

Yale makaa mekundu niliyoyasifu kwa kukosa moshi ndiyo yaliyokuwa yakitoa gesi hiyo usiku mzima. Na ile salfeti yangu ndiyo iliyofunga njia ya mwisho ya hewa.

Niliuliza na habari za maziwa. Akasema sumu hii haikupitia mdomoni, imeingia kwa pumzi, na maziwa hayawezi kuitoa. Tena kumnywesha mtu aliyepoteza fahamu kunaweza kumpalia. Cha kwanza ni kumtoa nje kwenye hewa safi, cha pili ni kumkimbiza kwa wataalamu, na cha tatu ni kusema ukweli kwamba jiko lilikuwa ndani. Wapo pia wanaoweka bakuli la maji karibu na jiko wakiamini linanyonya sumu. Halinyonyi. Na si mkaa peke yake: kuni, pumba, maganda, hata jenereta ndani ya chumba kilichofungwa, mambo ni yale yale.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kitongoji. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo, nilinyoosha mkono. Sauti ilinitetemeka, lakini nilieleza yote. Sikuchekwa kama nilivyoogopa. Baba mmoja mtu mzima alisimama akasema kwake wanafanya hivyo kila mwaka na huamka na vichwa vizito, wakidhani ni baridi. Mama mwingine akasema mwanawe aliwahi kuzimia hivyo hivyo, wakamtafutia dawa za kienyeji. Kumbe wengi tulikuwa na kisa, ila kila mtu alikaa nacho nyumbani kwake.

Tangu hapo sisi tunaopangisha vyumba tuna utaratibu. Mgeni akipokea ufunguo anaambiwa na habari ya jiko, siku ile ile ya kwanza, hasa aliyetoka kwenye joto. Hajui baridi yetu, na atafanya kile anachokiona kwetu.

Utaniuliza, sasa tufanyeje, watoto wafe kwa baridi? Hapana. Nitakwambia tunavyofanya kwangu.

Jioni tunaota moto pamoja jikoni, mlango na dirisha wazi, na mtu mzima mmoja kazi yake ni kuangalia watoto, kwa sababu msimu huu ndio wa kuungua kwa moto na maji ya moto. Tukienda kulala, jiko linabaki nje, mbali na ukuta na nguo. Hata kama makaa yamefunikwa na majivu, yanabaki nje.

Kitandani, baridi nyingi inatoka chini kuliko juu. Tunatanguliza mkeka na magunia makavu chini ya godoro. Watoto wakubwa wanalala pamoja chini ya blanketi moja na nguo zaidi ya moja mwilini, maana nguo mbili nyepesi zinashinda moja nzito. Soksi kavu, si zile walizoshinda nazo.

Kwa mtoto mchanga hakuna jiko linaloshinda kifua cha mama. Mvue, abaki na nepi, kofia na soksi, umweke kifuani ngozi kwa ngozi, kisha jifunikeni nguo, uso wake ukiwa wazi apumue. Baba naye anaweza, kifua chake kina joto lile lile. Mwogeshe mchana jua likiwaka, na umkaushe haraka.

Kwa wanaokwenda kuchuma na mtoto mgongoni, umande wa kwenye kahawa unalowesha kanga na mtoto pamoja. Beba kanga ya pili kavu. Kama una jirani anayebaki nyumbani, mwachie mtoto mpaka jua lipande, na wewe umwachie siku yake.

Na akikohoa, usimsikilize kikohozi tu, hesabu pumzi zake. Akiwa ametulia, mhesabie dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ukiona na kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au anakataa kunyonya, usisubiri kupambazuke. Inaweza kuwa nimonia. Chanjo yake hutolewa kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo angalia kadi ya mtoto leo.

Wale vijana walimaliza msimu kwangu. Siku ya kuondoka binti aliniachia kuku, nami nikampa blanketi. Tulitazamana tukacheka kidogo, maana kila mmoja alijua blanketi lile lingetosha tangu mwanzo, kama ningefikiria kabla ya kubeba jiko. Lilikuwepo kabatini siku zote.

Bibi bado anapita. Siku moja aliomba kaa la moto, na alipoinama nikaona kiberiti kimechungulia kwenye pindo la kanga yake. Sikusema kitu. Nilimpa kaa lake, akazunguka uani, akabisha kwenye kila mlango, akasubiri mpaka kila mmoja ameitika, ndipo akaenda zake.

Siku hizi naye nimemzoesha. Nikiona amechelewa, mimi ndiye ninayekwenda kubisha kwake. Leo usiku, kabla hujazima simu, mtumie ujumbe au mgongee ukuta jirani yako mwenye mtoto mdogo, umuulize swali moja tu: jiko liko wapi?